Neno "Kutunga" na Nafsi ya Mshairi

Katika Upanga, mtaa wa Dar es Salaam ulio kati ya Kariakoo na bahari, iko shule ya sekondari yenye jina la Shaaban Robert. Mjini kwenyewe, penye Makumbusho ya Taifa, uko mtaa wenye jina hilohilo. Basi mji huu umemheshimu mshairi huyo, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 akafa mwaka 1962, kwa namna ambayo washairi wachache wa lugha yetu wameheshimiwa. Lakini kuheshimiwa jina ni jambo moja, na kusomwa ni jambo jingine. Mwanafunzi wa sekondari wa Upanga, kama mwenziwe wa Tabora au wa Songea, hufundishwa masomo yake karibu yote kwa Kiingereza. Ushairi wa Kiswahili hukutana nao katika kipindi cha Kiswahili tu, na hapo huulizwa maswali ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya umbo: vina viko wapi, mizani ni mingapi, shairi hili ni tarbia au takhmisa. Namna ya pili ni ya dhamira: mshairi aiambia nini jamii, msimamo wake ni upi, ujumbe wake wafaa nini. Kwa miaka mingi diwani kama Malenga Wapya, Wasakatonge na Mashairi ya Chekacheka zimesomwa kidato cha tatu na cha nne kwa njia hiyo. Swali la tatu haliulizwi, nalo ni hili: mtu huyu alikuwa na haja gani hata akaandika, na kuandika kulimfanyia nini?

Makala haya yashughulikia swali hilo la tatu. Si swali dogo, wala si la kupitisha wakati. Maana asiyejua mtu huandika shairi kwa haja gani hataliandika lake, na lugha ambayo vijana wake husoma ushairi bila kuutunga itabaki na washairi makaburini na majina yao juu ya milango ya shule.

Yako mawazo mawili yaliyoenea juu ya jambo hili. Wazo la kwanza husema kwamba ushairi wa Kiswahili kwa asili ni mali ya jamii: ni wa mawaidha, wa dini, wa vita, wa harusi; na kwamba mshairi mwenye kusema habari za moyo wake mwenyewe ni mgeni aliyeingia na mashairi huru katika miaka ya 1970. Wazo la pili latoka upande wa pili wa mabishano hayohayo, nalo lasema kwamba vina na mizani ni pingu, na kwamba nafsi haikuweza kusema kweli yake hata pingu zilipokatwa. Watu wa pande hizi mbili walibishana sana, wengine kwa ghadhabu. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba wamekubaliana katika jambo moja, yaani kwamba umbo na nafsi ni vitu viwili vinavyopingana, kimoja kikiingia kingine hutoka. Jambo hilo walilokubaliana ndilo lenye kasoro. Ili kulionyesha, yafaa tuanze na neno lenyewe.

I

Mswahili hasemi kwamba ameandika shairi tu, husema ametunga. Kitenzi hiki ni kikongwe na kina kazi nyingi. Hutungwa ushanga, hutungwa samaki katika uzi, hutungwa uzi katika sindano. Hii ndiyo maana inayokumbukwa upesi: kupanga vitu kimoja baada ya kimoja, juu ya kitu kimoja kinachovishika visitawanyike. Lakini kuna maana nyingine mbili ambazo kamusi zetu zaziandika, nazo hazitajwi panapozungumzwa ushairi. Jipu hutunga usaha. Na mwanamke hutunga mimba.

Maana tatu hizi hazikukutana katika neno moja bila sababu. Zote zaeleza kukusanyika kwa kitu mahali pamoja mpaka kikapata umbo. Lakini zatofautiana katika jambo kubwa. Mwenye kutunga ushanga hutumia mkono na jicho, na kazi yake yaonekana nje. Jipu hujitunga lenyewe; mwenye mwili hana la kuamua, huumia na kungoja. Mimba nayo hutungwa ndani ya mtu, lakini mwisho wake ni kuzaliwa kwa mtu mwingine, ambaye hatakuwa mali ya aliyemzaa kama kilivyo kiungo cha mwili wake.

Maoni yetu ni kwamba shairi lililotoka katika nafsi ya mtu hutungwa kwa maana zote tatu. Wanajadi waliushika ushanga, wapinzani wao wakalishika jipu, na ile maana ya tatu ikasahauliwa na wote wawili.

II

Na tuuanze ushanga. Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alitoa mwaka 1954 kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwake yeye shairi ni wimbo, na lisiloimbika haliwezi kuitwa shairi. Wengi wamekisoma kitabu hicho kama sheria za mahakama. Lakini asomaye kwa utulivu ataona kwamba sheria hizo zamwekea mtunzi jambo la kumfaa: pumzi. Shairi la mistari minne, lenye mizani kumi na sita kwa kila mstari, hukatika katikati, nane na nane. Hapo penye mkato msomaji hupumua, na mtunzi naye alikwisha pumua.

Sasa tutazame shairi la Shaaban Robert liitwalo "Amina", lililomo katika Maisha Yangu, alilomtungia mkewe aliyefariki. Shairi hili limetungwa kwa kipimo hichohicho, nane na nane, na kila ubeti warudi katika kituo kimoja juu ya pendo walilofungana. Kwa kanuni ya wale wanaodai kwamba umbo huziba nafsi, shairi hili lingalikuwa baridi. Wala halina ubaridi hata kidogo. Mshairi amwita mkewe kwa jina, amsemesha kama aliye karibu. Aeleza kwamba alimwombea dua apone, na dua hiyo haikujibiwa kama alivyotaka. Na katika shairi hilohilo amwombea dua nyingine, ya nuru na pepo. Yaani mtu aliyeomba akanyimwa yuaomba tena. Baina ya dua hizi mbili ndipo aliposimama mfiwa, na kituo kinachorudi kila ubeti ndicho kinachomshika asianguke. Asema pia kwamba majonzi yake hayasemeki, na huku yumo katika kuyasema kwa mizani kamili, neno baada ya neno.

Hapa twaona kazi ya uzi. Shanga za huzuni zilikuwapo. Kila mfiwa anazo. Zikiachwa zitatawanyika sakafuni. Kituo hakikumzuia Shaaban Robert kusema. Kilimpa mahali pa kurudi kila aliposhindwa kuendelea. Matanga nayo yana kawaida zake, siku zake na maneno yake, wala hakuna asemaye kwamba mtu aliaye matangani hali kweli kwa sababu analia katika siku zilizowekwa.

Ikumbukwe tena kwamba mtu huyu alikuwa karani. Tangu mwaka 1926 hata 1944 alifanya kazi ya forodha, baadaye akahamia idara nyingine za serikali. Mchana aliandika hesabu na barua za watu wengine. Katika Maisha Yangu twaona mtu anayeichukua kalamu hiyohiyo ya ofisini na kuifanya iandike habari zake: kufiwa kwake, na tenzi mbili alizowaandikia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Katika nchi iliyotawaliwa na wageni, ambamo karani Mwafrika alitakiwa kunakili, kuandika "mimi" kwa mizani kamili halikuwa jambo la majivuno. Lilikuwa dai la utu.

III

Sasa tuje kwenye jipu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya karatasi aliyoiandika mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, akakaa gerezani hata mwaka 1972. Humo gerezani alitunga mashairi yaliyotolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Alipofunguliwa alikuja Dar es Salaam akafanya kazi katika Chuo Kikuu, katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili iliyoitwa TUKI, ambayo leo ni TATAKI.

Katika diwani hiyo limo shairi liitwalo "Jipu". Lisomwe kama mfano wa siasa, nalo laweza kusomwa hivyo. Lakini lisomwe kwanza kama habari ya mwili. Mfungwa aliye peke yake chumbani ana mwili wake tu wa kusema nao. Maumivu yanayokusanyika mahali pamoja, yanayomnyima mtu usingizi na kungoja siku ya kupasuka, ndiyo kutunga kwa ile maana ya pili. Mshairi huyu hakuchagua kutunga kama mtu achaguavyo kwenda matembezi. Jambo lilijitunga ndani yake, naye akalipa njia.

Lakini tazama ajabu yake. Mtu huyu, mwenye dhiki kubwa kuliko wengi waliodai uhuru wa umbo, hakuacha vina wala mizani. Alitunga kwa Kimvita cha kwao, kwa bahari alizozirithi, na katika "Mnazi" akatumia hata majibizano ya kale, ambamo watu wawili hushindana kwa beti. Sababu moja yaweza kufikiriwa kwa urahisi: asiye na karatasi huhitaji shairi linalokaa kichwani, na vina ni kumbukumbu. Lakini iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Gereza humwondolea mtu jina, nguo na saa zake. Lugha ya mama na vipimo vya babu zake ni vitu ambavyo askari hawezi kuvikusanya mlangoni. Katika "Siwati" mshairi asema kwamba hataacha msimamo wake. Na kule kuchagua neno la Kimvita badala ya lile la Kiswahili sanifu ni sehemu ya kutoacha huko.

Mwaka mmoja baada ya Sauti ya Dhiki, Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufariki mwaka 2020, alitoa Kichomi. Kitabu hiki ndicho kilichoyawasha mabishano. Wengi walikitazama kwa kile kisichokuwa nacho, yaani vina, wasitazame jina lake. Kichomi ni maumivu ya mbavuni yanayomchoma mtu anapovuta pumzi. Hebu tuliweke neno hili karibu na pumzi ya Amri Abedi. Mmoja asema shairi ni pumzi iliyopangwa. Mwingine asema iko pumzi inayouma, na mwenye kuumwa hivyo hapumui kwa nane na nane. Katika "Kisu Mkononi" twamwona mtu akikabiliana peke yake na swali la kuendelea kuishi. Mistari yake haina urefu mmoja, na kwa mtu wa namna ile urefu mmoja ungalikuwa uongo.

Basi hukumu yetu ni ipi? Abdilatif alitia jipu katika uzi wa kale, na Kezilahabi alikata uzi kwa sababu ya kichomi. Wote wawili walisema kweli ya nafsi zao. Kwa hiyo haiwezekani kuipima nafsi kwa kuhesabu vina, vikiwapo au visipokuwapo. Wala haiwezekani kuipima kwa kuhesabu neno "mimi". Katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, tangu Mambo Leo lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, "mimi" wamejaa tele: nauliza, najibu, nataka nijuzwe, mhariri nipe nafasi. Wengi wao ni mimi wa adabu tu, kama kubisha hodi. Kipimo tunachokipendekeza ni kingine. Tuulize kama ndani ya shairi kuna jambo ambalo mtunzi hakuwa nalo kabla ya kulitunga. Katika "Amina" ipo dua ya pili, ambayo isingaliwezekana bila kuipitia ile ya kwanza. Shairi ambalo mwisho wake ulijulikana kabla ya mwanzo laweza kuwa zuri na la manufaa, lakini nafsi haikufanya kazi ndani yake.

IV

Imebaki maana ya tatu, ile ya mimba, nayo ndiyo iliyoachwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi. Alikuwa mgonjwa, na miaka miwili baadaye akafa. Mwanzoni mwa utenzi amwita binti yake aje na karatasi na wino. Jambo hili halikuwekwa kama pambo. Huyu ni mama ajuaye kwamba hatakuwapo, na kuandika ndiko kutakakokaa na mtoto badala yake. Wengi wameusoma utenzi huo kama sheria za unyumba, wengine wakaulaumu kwa sababu hiyohiyo. Wachache wameusoma kama sauti ya mgonjwa. Lakini ikiwa hiyo si nafsi ya mtu, nafsi ni nini? Na tazama kwamba nafsi hiyo haikujifungia ndani. Ilijieleza kwa kumpa mwingine, na baada ya huyo wengi. Wanawake wa pwani wasiomjua walilishika shairi lake moyoni kama lao.

Mfano wa pili uko karibu na Upanga kuliko Siyu. Kariakoo na mitaa jirani ilikuwa na vyama vya taarabu, mathalani Egyptian na Al-Watan, na katika taarabu mtunzi wa maneno mara nyingi si mwimbaji. Mtu ametunga kwa sababu ya jambo lililompata, mwingine aimba, na wa tatu, aliyeketi katika hadhira, asikiapo ubeti unaomhusu huinuka akaenda mbele kumtunza mwimbaji. Kwa kutunza huko amesema hadharani: maneno haya ni yangu. Jambo ambalo asingaliweza kulisema kwa kinywa chake amelisema kwa kinywa cha mwingine. Twaweza kuuliza hapo ni nafsi ya nani iliyojieleza. Jibu la lugha yetu ni kwamba ni ya wote watatu. Mtoto amezaliwa, amekuwa na watu.

Ndiyo maana yale mawazo mawili tuliyoanza nayo hayatoshi. Wanajadi walisema ushairi ni wa jamii, wakasahau kwamba jamii haitungi; hutunga mtu mmoja mwenye jipu lake. Wapinzani wao walisema ushairi ni wa nafsi, na baadhi yao wakasahau kwamba nafsi isiyotaka kusikiwa na mtu haina haja ya karatasi.

V

Yaweza kusemwa kwamba katika nchi maskini, yenye kazi nyingi mbele yake, ushairi wa moyo wa mtu mmoja ni anasa. Hoja hii ina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi waliitwa waieneze siasa ya Ujamaa. Chama cha UKUTA kiliitika, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikasemwa na watoto wa shule kila mahali. Hatuidharau kazi hiyo. Nchi changa ilihitaji kusema na watu wake, na ngonjera zilisema. Lakini maswali yaliyofaa kwa ngonjera yakabaki darasani baada ya wakati wake kupita, yakaulizwa kwa kila shairi. Mwanafunzi aliulizwa dhamira ya "Amina" kama aulizwavyo dhamira ya ngonjera ya kilimo. Akijibu kwamba dhamira ni mapenzi ya dhati na umuhimu wa kumcha Mungu atapata alama zake, na hakukosea. Lakini hajakutana na mtu aliyefiwa.

Mtaa wa Upanga wafaa kutajwa hapa kwa sababu nyingine tena. Ulijengwa sana katika miaka ya 1950 kwa nyumba za Waasia, wakati mji ulipogawanywa kwa rangi, na Kariakoo ikawa upande wa Waafrika. Leo watoto wa makabila na dini zote hukaa katika madarasa ya mtaa huo. Lugha wanayotaniana njiani ni Kiswahili. Lugha wanayofanyia mitihani karibu yote ni Kiingereza. Kijana wa namna hiyo akifiwa, au akiona haya, au akipenda, ataandika kwa lugha ipi? Kama Kiswahili amekijua darasani kwa kuhesabu mizani ya watu wengine tu, ataona kwamba lugha hii ina jibu la mtihani wala haina mahali pa yeye kukaa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili kwa walimu na watunga mitaala. La kwanza: katika uchambuzi wa kila shairi liongezwe swali la haja ya mtunzi, na mwanafunzi aonyeshe kwa maneno ya shairi lenyewe mahali ambapo nafsi imegeuka. Swali hili si la kubahatisha maisha ya mshairi. Lajibiwa kwa ushahidi wa beti, kama tulivyojaribu kufanya juu ya dua mbili za "Amina". La pili: mwanafunzi atunge. Atunge kwanza kwa kipimo, nane na nane, ili aujue uzi. Kisha, akitaka kuukata, ajue anakata nini na kwa sababu gani. Wala mashairi hayo yasisahihishwe kwa wino mwekundu na kurudishwa mkobani. Yasomwe kwa sauti mbele ya wenziwe, kwa kuwa shairi lisilosikiwa na mtu limetungwa nusu.

Vina vya Shaaban Robert vimekwisha hesabiwa, na dhamira zake zimekwisha orodheshwa. Kazi iliyobaki kwa shule yenye jina lake, na kwa shule nyingine zote, ni kumwonyesha kijana kwamba karani yule alichukua kalamu kwa sababu alikuwa na jambo ambalo hakuweza kulibeba kimya, na kwamba lugha aliyolibebea ni hiihii anayotaniana nayo njiani.